Mgeni na kikombe cha tatu: Adabu za kahawa kwa msafiri atokaye Isiolo

MFANYABIASHARA wa Isiolo anayekwenda Moyale na kuvuka mpaka kuingia Ethiopia hujiandaa kwa mengi. Hukagua hati yake ya kusafiria, hubadilisha shilingi kuwa birr, humpigia simu mwenyeji wake na kuulizia basi la kurudi. Jambo ambalo aghalabu halimo katika matayarisho hayo ni kahawa.

Hufika kwa mwenyeji akaulizwa iwapo atakunywa buna, naye kwa adabu akaitikia, akidhani ataletewa kikombe akimalize, ashukuru, kisha waanze mazungumzo ya bei. Nusu saa baadaye bado hajaonja kitu. Buni mbichi ndiyo kwanza zinaoshwa, makaa yanapepewa, na mama wa nyumba anatandaza majani mabichi sakafuni kana kwamba siku nzima ni yake. Mgeni akitazama saa, wenyeji wanamwona. Akiinuka baada ya kikombe cha kwanza hakuna atakayemkemea. Ila mzigo aliotarajia kuuziwa kwa bei ya kirafiki, au kwa mkopo, huenda usizungumziwe tena siku hiyo.

Kuagiza kahawa ugenini ni jambo rahisi. Hata asiyejua lugha ya wenyeji hufaulu kwa neno moja na ishara ya kidole. Kazi ngumu ni kujua kahawa hiyo inakwisha lini, na mtu anasemaje ‘inatosha’ bila kumvunjia heshima aliyemkaribisha. Kila nchi ina jibu lake, na jibu la nchi moja laweza kuwa tusi katika nchi nyingine.

Kuhusu neno lenyewe, msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wengi hawana. Yeye anayo maneno mawili pale ambapo wengine wana moja. Tunda na mbegu ambayo haijakaangwa ni ‘buni’, neno lililo ndugu wa ‘bunn’ la Kiarabu na ‘buna’ la Kiamhara na Kioromo. Kinywaji chenyewe ni ‘kahawa’, kutoka ‘qahwa’ la Kiarabu, ambalo ndilo lililozaa ‘kahve’ la Waturuki, ‘caffè’ la Waitaliano na ‘café’ la Wafaransa. Kwa hivyo, akielekea kaskazini hadi Addis Ababa atumie neno la kwanza, na akivuka bahari kwenda popote atumie la pili, ataeleweka. (Mmea wake ni mbuni, jina ambalo ndege mkubwa wa nyika za Isiolo na Samburu pia analo, ingawa huyo haokwi wala hasagwi.)

Ajabu ni kwamba mwenye utajiri huo wa maneno ndiye asiyeagiza kahawa nyumbani. Mjini Isiolo, ambako Waborana, Wasomali, Wameru, Wasamburu na Waturkana hukaa meza moja hotelini, kinachoagizwa ni chai. Mtu akisema ‘chai’ bila kuongeza neno, ataletewa iliyochemshwa pamoja na maziwa na sukari, na katika hoteli nyingi za Wasomali itakuwa imetiwa iliki, mdalasini na tangawizi. Maziwa yake huenda yakawa ya ngamia, yaleyale ambayo akina mama wa Isiolo, wakiwemo wa chama cha ushirika cha Anolei, huyasafirisha hadi Eastleigh jijini Nairobi. Asiyetaka maziwa husema ‘strungi’. Anayetaka kahawa huulizwa mara mbili kama amesikika vyema, kisha huwekewa maziwa moto na kopo la kahawa ya unga ajikorogee mwenyewe.

Chanzo cha hali hii ni historia. Kahawa aina ya Arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, nchi inayopakana na Kenya. Hata hivyo haikuingia Kenya kwa kushuka kupitia Moyale na Marsabit. Ililetwa kwa meli na wamishonari Wafaransa kutoka kisiwa cha Réunion, na mwaka 1893 ikapandwa Bura, katika milima ya Taita. Wakoloni waliifanya zao lao la biashara na wakawazuia Waafrika kuilima hadi miaka ya 1930, ambapo wakulima wachache wa maeneo kama Kisii na Meru walipewa ruhusa. Meru ni jirani wa Isiolo; mtu hupanda mlima kwa muda mfupi tu akafika mashambani. Hata baada ya ruhusa hiyo, buni za Meru zilikuwa za kuuzwa ng'ambo, na mkulima alibaki kunywa chai. Hadi leo sehemu kubwa mno ya kahawa ya Kenya husafirishwa nje, ilhali Waethiopia hunywa wenyewe takriban nusu ya mavuno yao. Mikahawa ya kisasa, kama vile Java House iliyofungua mlango wake wa kwanza Nairobi mwaka 1999, imebadili mazoea ya watu wa mjini, lakini si ya nchi nzima.

Hata hivyo, itakuwa ni kosa kudai kwamba Isiolo haijui kahawa. Inaijua kwa namna nyingine, tena ya kale zaidi. Miongoni mwa Waborana wa eneo la Waso, kuanzia Isiolo hadi Garba Tulla, ipo desturi iitwayo buna qalla. Neno ‘qalla’ linatokana na kuchinja. Buni, zikiwa bado na maganda yake, hutobolewa ncha, nako huko ndiko ‘kuchinjwa’ kwake. Kisha hukaangwa ndani ya samli hadi zipasuke kwa mlio. Maziwa huongezwa, wazee huomba amani, mvua, afya na uzazi, nao waliopo huitikia. Samli iliyobeba harufu ya buni hupakwa mwilini na buni zenyewe hutafunwa.

Mtafiti Mario Aguilar, aliyekaa Garba Tulla mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu kuhusu Waborana wa Waso mwaka 1998, aliipa desturi hii nafasi kubwa katika maandishi yake, hususan kwa sababu ilikuwa hai katika nyumba za watu ambao kwa miongo kadhaa walikuwa Waislamu. Buni huonekana pia katika posa: upande wa mvulana ukienda kuomba mchumba, desturi ni kubeba buni na tumbaku. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna hii hujua, bila kufundishwa darasani, kwamba kahawa si kitu cha kumezwa haraka huku mtu amesimama mlangoni. Akivuka mpaka, ujuzi huo ndio unaomfaa zaidi kuliko kamusi yoyote.

Kuvuka kwenyewe kumekuwa kwepesi. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, ambayo zamani ilikuwa ya vumbi, mawe na malori yaliyokwama kwa siku kadhaa, ilikamilika kuwekwa lami katika miaka ya 2010. Kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo msafiri hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, kilizinduliwa rasmi Desemba 2020. Mkenya haombi viza kuingia Ethiopia. Kwa hivyo anayefika upande wa pili kwa mara ya kwanza hufika akiwa hajachoka sana, jambo jema, kwani atahitaji subira.

Jambo la kwanza la kutambua huko ni kwamba kuna kahawa mbili. Ipo ya kando ya njia: mwanamke ameketi kwenye kigoda, mbele yake jiko la makaa, chungu cheusi chenye shingo ndefu kiitwacho jebena, na trei ya vikombe vidogo visivyo na mkono. Hii ni biashara. Mteja huketi kwenye kigoda cha pili, hunywa kikombe kimoja, hulipa na kuondoka, na hakuna anayemdai zaidi. Wakati mwingine kikombe hutiwa kitawi cha mmea wenye harufu kali uitwao tena adam. Si lazima kukila, hukaa pembeni mwa mdomo wa kikombe kikitoa ladha yake. Mwenye haraka ya kuwahi basi hapa ndipo mahali pake.

Ya pili ni kahawa ya nyumbani, na hiyo haina njia ya mkato. Buni huoshwa, hukaangwa juu ya makaa mbele ya wageni, kisha kikaango hupitishwa kwa kila mmoja ili avute moshi kwa kiganja na kusifu harufu yake. Anayekaa kimya wakati huo, ama akaendelea na simu yake, amekosea hata kabla ya kunywa. Buni hutwangwa kwa kinu kidogo, unga hutiwa ndani ya jebena, na ubani hufukizwa. Hapo huletwa bisi au kolo, yaani shayiri iliyokaangwa, ili watu watafune wakisubiri. Kahawa humiminwa kutoka juu kwa mkondo mmoja usiokatika, na mkubwa kwa umri hupewa kwanza.

Mimino ni mitatu na kila mmoja una jina. Wa kwanza ni abol, wa pili tona, wa tatu bereka, ambalo mtu wa Isiolo halihitaji kutafsiriwa: ni baraka. Unga ni uleule. Maji ndiyo huongezwa, hivi kwamba kikombe cha tatu ni chepesi kabisa. Msafiri anayehofia kukosa usingizi asikatae cha tatu kwa sababu hiyo, maana cha kwanza ndicho kilichokuwa na nguvu. Isitoshe, kuondoka kabla ya bereka hufasiriwa kuwa ni kuikataa baraka ya nyumba. Mkutano mzima huchukua saa moja, pengine mbili, na ndani yake ndimo habari za ukoo, bei ya mifugo na hali ya njia hubadilishwa. Wanaolalamika kwamba Waethiopia hupoteza muda kwa kahawa hawajatambua kwamba kikao cha biashara kilikuwa kimeanza tangu buni zilipokuwa zikioshwa.

Je, asiyeweza kunywa afanyeje? Aliyefunga, mgonjwa wa vidonda vya tumbo ama aliyeonywa na daktari anaweza kukataa, na hatachukiwa, mradi aseme mapema. Wakati wa kukataa ni kabla buni hazijaingia kikaangoni. Baada ya hapo kazi ya mtu imekwisha kutumika kwa ajili yake, na busara ni kupokea kikombe, kugusisha midomo na kukaa na wenzake hadi mwisho. Aidha, mgeni asijitilie sukari kabla ya kuonja: mjini huletewa sukari nyingi, lakini vijijini kuna nyumba zinazotia chumvi, na zipo zinazotia siagi. Mwenye asili ya Borana hatashangaa. Aliyezaliwa Nairobi huenda akashtuka, na uso hauna kificho.

Kutoka Moyale barabara hupanda kupitia Yabelo, Bule Hora na Dilla hadi Hawassa, na kabla ya Dilla hukatiza Yirgachefe, mji ambao jina lake huandikwa kwenye pakiti za kahawa za bei ghali huko Ulaya na Marekani. Ni zaidi ya kilomita 700 hadi Addis Ababa. Huko jijini mambo hubadilika tena, kwa sababu Waitaliano walioivamia na kuikalia Ethiopia kuanzia mwaka 1936 hadi 1941 waliacha mashine zao za kahawa pamoja na msamiati wake. Katika mkahawa wa Addis, kinywaji cha kawaida ni makiyato, kahawa kali yenye maziwa katika bilauri ndogo. Anayetaka maziwa zaidi husema buna be wetet. Akisema buna pekee ataletewa nyeusi. Asiyetaka sukari aongeze ‘yale sikwar’. Kipo pia kinywaji cha kahawa iliyochanganywa na chai, kiitwacho spris, ambacho ni vigumu kumshawishi mtu wa Isiolo akionje, ijapokuwa hujuta asipofanya hivyo.

Jumatano na Ijumaa Wakristo wengi wa Kanisa la Orthodox hufunga, na mfungo wao huondoa maziwa, nyama na samli. Mwenyeji wa imani hiyo akileta kahawa nyeusi siku hizo, si uchoyo. Kuhusu kusimama au kuketi, mgeni na atazame wenzake. Tomoca, duka la kahawa lililoanzishwa mwaka 1953 katika mtaa wa Piazza, lina meza ndefu za kusimamia. Watu hunywa wima, wakazungumza kidogo na kwenda zao. Hapo hakuna tona wala bereka.

Onyo moja linamhusu Mwislamu, au yeyote asiyependa pombe. Maneno ‘buna bet’ maana yake ni nyumba ya kahawa, lakini nyumba nyingi za jina hilo ni baa ndogo za bia zenye vyumba vya kulala. Kinyume chake kipo Italia, ambako mahali paitwapo ‘bar’ ndipo familia nzima inapokwenda asubuhi kunywa kahawa na kula mkate mtamu. Majina ya milangoni yasimdanganye mtu.

Safari nyingine inayowachukua vijana wengi wa Kenya, wasichana kwa wavulana, ni ile ya kwenda kutafuta kazi katika nchi za Ghuba. Wengi wao hufunzwa namna ya kutumia mashine za kufulia na vifaa vya jikoni. Kahawa hudhaniwa kuwa jambo dogo lisilohitaji somo, ilhali katika nyumba ya Mwarabu ndicho kitu cha kwanza ambacho mgeni wa tajiri wao hukiona mkononi mwao.

Kahawa ya Kiarabu si nyeusi. Buni hukaangwa kidogo tu, kinywaji kikawa na rangi ya dhahabu au hudhurungi hafifu, kikatiwa iliki na pengine zafarani, bila sukari. Utamu hutoka kwenye tende, na nchini Oman mara nyingi kwenye halua. Mwaka 2015 UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa pamoja wa Saudi Arabia, Oman, Qatar na Falme za Kiarabu. Mwenye kuitumikia husimama. Birika lake, dallah, hushikwa kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa mkono wa kulia, na kikombe hutolewa kwa kulia kila mara. Huanza na mgeni mheshimiwa au aliye mkubwa kwa umri. Vikombe vyenyewe, finjani, havina mkono, na hutiwa kiasi cha robo tu.

Robo hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Isiolo, kikombe cha chai kisichojaa ni dalili ya ubahili. Mwenyeji mkarimu hujaza mpaka kinywaji kimwagike kwenye kisahani. Katika majlisi ya Kiarabu, finjani iliyojazwa hadi ukingoni humwambia mgeni anywe aende zake. Msichana aliyelelewa kwa ukarimu wa kwao anaweza kumimina kwa moyo mweupe, akawajazia vikombe wazee waliomtembelea tajiri wake, na nyuso zikakunjika bila yeye kujua sababu. Baadaye ataambiwa ana kiburi. Kosa si lake peke yake; ni la waliomsafirisha bila kumweleza.

Ni lazima pia aisome ishara ya kukoma. Mgeni wa Kiarabu akitosheka hasemi kitu. Huitikisa finjani kidogo, upande huu na upande huu, kisha huirudisha mkononi mwa aliyemmiminia. Asipoitikisa, hutiliwa tena. Heshima ni kunywa angalau kimoja, na desturi haipendi mtu azidishe vitatu. Mkenya anayealikwa akiwa mgeni, dereva, mwalimu ama mfanyabiashara, afanye vivyo hivyo: apokee kwa kulia, asiiweke finjani chini, na atakapotosheka aitikise. Wapo waliojinywea vikombe vinane kwa kudhani kwamba kukataa ni utovu wa adabu. Miongoni mwa Mabedui wa Jordan, mgeni akiiweka finjani mbele yake bila kuinywa, huwa ana ombi, na mwenyeji hutarajiwa kumuuliza haja yake. Kwa hivyo anayeiacha ipoe kwa kusahau tu anaweza kuzusha maswali.

Kwa watu wa pwani mengi kati ya haya si mageni. Mombasa, Lamu na Unguja zimekunywa kahawa kutoka kwenye mdila kwa karne nyingi, nyeusi na chungu, pengine yenye tangawizi au iliki, ikisindikizwa na kashata. Muuzaji hutembea na jiko la makaa chini ya birika lake, akigonganisha vikombe ili watu wajue anapita. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtu huketi barazani, hunywa vikombe atakavyo na hulipa mwishoni kwa hesabu ambayo muuzaji na mnywaji wote wanaikumbuka. Mgeni kutoka bara asiharakishe kulipa baada ya kikombe cha kwanza, maana hapo ni sawa na kuaga. Nao waliofika Muscat hushangaa kupokelewa kwa Kiswahili katika nyumba zenye asili ya Zanzibar, na kuelezwa adabu za finjani kwa lugha ya nyumbani.

Uturuki ina sharti moja ambalo halisameheki: sukari hupikwa pamoja na kahawa, kwa hivyo husemwa wakati wa kuagiza, si baadaye. ‘Sade’ ni bila sukari, ‘orta’ ni ya wastani, ‘şekerli’ ni tamu. Huletwa na maji ya kunywa. Machicha yaliyotuama chini hayanywewi wala hayakorogwi.

Ulaya Magharibi, kahawa ni suala la fedha kuliko la heshima. Nchini Italia neno ‘caffè’ humletea mtu kikombe kidogo chenye kahawa nyeusi ya mafunda mawili au matatu, ambayo wenyeji huinywa wamesimama kaunta kwa dakika chache. Akiketi mezani akahudumiwa, kinywaji kilekile hulipiwa zaidi, na bei zote mbili kwa kawaida huandikwa ukutani. Asome kabla ya kuvuta kiti. Katika baadhi ya mikahawa hulipwa kwanza kwa karani wa fedha, kisha risiti hupelekwa kaunta. Akisema ‘latte’ ataletewa maziwa matupu, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya neno hilo. Cappuccino ni ya asubuhi. Akiiomba baada ya chakula cha mchana ataipata, pamoja na tabasamu la muuzaji. Kwenye uwanja wa San Marco jijini Venice, ambako mkahawa wa Florian umekuwapo tangu mwaka 1720, hata muziki unaopigwa nje huongezwa kwenye hesabu ya mteja. Ufaransa nako, kiti cha nje kinachotazama barabara aghalabu ni ghali kuliko kaunta, na asiyesema ‘bonjour’ kabla ya kuagiza huonekana hana malezi. Mtu wa Isiolo, ambaye hawezi kuingia hotelini bila salamu, hapo hatashindwa.

Marekani hakuna anayemngoja mwenzake. Mteja hupanga foleni, huulizwa ukubwa wa kikombe, aina ya maziwa na jina lake, hulipa, kisha husubiri kuitwa. Jina la Kiborana au Kituruki, Kisomali au Kimeru, litaandikwa vyovyote. Kwenye migahawa ya zamani ambako mhudumu huja mezani, hujaza kikombe tena na tena bila malipo ya ziada mpaka mteja akifunike kwa kiganja, na bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 hutarajiwa, kwani ni sehemu ya ujira wa mhudumu. Kuondoka bila kuiacha ni kumdhulumu mtu, japo sheria haimlazimishi mteja.

Lakini safari iliyo karibu zaidi na iliyo ya wengi zaidi kwa mkazi wa Isiolo bado ni ile ya Moyale, na kwayo hesabu ya muda ni nyepesi. Mabasi ya masafa marefu nchini Ethiopia kwa kawaida huondoka alfajiri. Mwenye nia ya kuendelea mbele na amtembelee mwenyeji wake jioni ya kuamkia safari, abebe zawadi ya sukari, na asipange jambo jingine baada ya hapo. Atakapoambiwa saa ya kuondoka hatahitaji kuigeuza kichwani, kwa sababu Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili, kuanzia macheo: saa kumi na moja alfajiri ya huko ni saa kumi na moja alfajiri ya Isiolo. Tarehe ndiyo tofauti. Kalenda yao iko nyuma kwa miaka saba au minane, na tiketi iliyoandikwa kwa mwaka uliokwisha kupita bado ni halali asubuhi hiyo.